Kalipa nyekundu hazitakusimamisha

Wacha niandike kitu ambacho kitanipunguzia wafuasi, kisha nilale.

Video yangu iliyotazamwa kuliko zote ni ya kalipa. Mnaijua. Impreza nyeusi imeinuliwa na jeki chini ya mwembe huku kwetu Jilore, rimu imetolewa, kalipa nyekundu ya pistoni nne inang'aa kama mdomo wa bi harusi, na mimi kwa ile sauti yangu ya kuuza nasema: "Wanangu, hii sasa itasimama hata kwa kuiambia." Komenti zikamwagika. Moto, moto, moto. Bei ngapi, umetoa wapi, rangi gani hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ndani ya hizo breki mlikuwa na mafuta ya mwaka gani. Na mimi sikusema, kwa sababu sikujua.

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kilifi akaniandikia inboksi. Ameuza pikipiki yake, ile aliyokuwa amempa mtu aendeshe boda na kumletea hesabu kila jioni, ili anunue kalipa kama zile. Ana Impreza kama ile. Anataka kwenda nayo traki, Whistling Morans kule Athi River, na siku moja akimbizane na saa kwenye Kiamburing TT, ile ya lami kule Kiambu. Pesa ziko kwenye M-Pesa, bado hajalipa. Akamalizia hivi: "Bro ni wewe ulinifungua macho."

Nimesoma hiyo sentensi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kwa hivyo sikilizeni ukweli wa ile gari. Ni ya ndugu yangu, mtoto wa mamangu mdogo. Injini ni ya 1500, haina tabo, makelele yote ni ya egzosi aliyoikata mwenyewe. Kalipa alinunua mtumba, ex-Japan, kwa pesa ya ng'ombe wawili. Akazipaka rangi upya. Akanunua diski zenye matundu kwa sababu zinapendeza kwenye picha. Pesa ikaishia hapo. Pedi akaweka za bei ya chini kabisa zilizokuwa dukani, na mafuta ya breki hakubadilisha. Yaliyomwagika wakati wa kufunga kalipa alijazia kutoka chupa iliyokaa nusu mwaka kwenye rafu ya fundi, kifuniko kimelegea, karibu na pipa la maji.

Tukafunga safari. Malindi hadi Nairobi ni kilomita 600 hivi, na njia nzima tulikuwa tunajisifu. Uwanja tuliokwenda siutaji, kwa sababu uwanja haukuwa na kosa lolote. Kosa tulikwenda nalo wenyewe.

Raundi ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu nikasikia harufu kama ya kachumbari iliyoungua, sijui niielezee vipi. Raundi ya nne, mwisho wa mnyoosho, nikiwa kiti cha kushoto na kamera mkononi, nikaona mguu wake umekwenda chini na gari haijabadilisha nia. Akakanyaga tena. Pedali ikashuka hadi kwenye kapeti, laini, kama kukanyaga embe bovu. Akashusha gia, akavuta hendibreki, gari ikatupa mkia, tukaingia nyasini, tukazipita nyasi, tukasimama karibu na ukuta wa matairi. Mita ngapi, sikupima. Kamera ilikuwa inarekodi. Kwenye ile rekodi kuna mtu anaita "Mama!" mara tatu. Ni mimi.

Hakuna aliyeumia. Lakini lililonitisha zaidi lilikuja baadaye. Tulikaa kama robo saa tukinywa maji, ndugu yangu akarudi kwenye gari, akakanyaga pedali, na pedali imerudi. Ngumu kabisa, kama hakuna kilichotokea. Akacheka. "Imepona," akasema. "Twende tena."

Na tungekwenda. Naapa tungekwenda, na jioni tungerudi nayo Mombasa Road katikati ya malori. Kilichotuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa ameegesha karibu nasi. Alikuwa na Toyota Starlet nyeupe ya zamani, kalipa zake za kiwandani, pistoni moja moja, zina kutu, na alikuwa amezunguka tangu asubuhi bila shida. Akaomba ruhusa, akafungua boneti yetu, akachungulia kile kitangi cha mafuta ya breki. Akanyamaza kidogo.

"Kijana, hii ni kahawa."

Ndugu yangu akamwambia, "Lakini mzee, kalipa ni mpya."

"Kalipa nimeziona. Zinaonekana kutoka barabarani. Mimi nauliza habari ya mafuta."

Haya, sasa tuongee hicho alichotufundisha yule mzee, na mengine niliyoenda kuyasoma nikiwa bado natetemeka.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Basi. Gari inayokimbia ina nguvu ndani yake, na hiyo nguvu haipotei kwa sababu umekanyaga pedali. Inahamia kwenye diski na pedi kama joto, halafu upepo unalichukua polepole. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini hesabu hii ni ya sekondari: nusu ya uzito, mara kasi, mara kasi tena. Gari ya kilo 1400 pamoja na watu wake, ikipunguza kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 40, inatoa kilojuli 450 hivi. Hiyo inatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka baridi ya kisima hadi yatokote. Kwa kukanyaga mara moja, sekunde tatu.

Sasa chukua traki yenye kona 6 za kukanyaga kwa nguvu. Raundi 5 ni mara 30. Hata ukiondoa kile kinachochukuliwa na injini na upepo, umechemsha mitungi miwili ya lita 20 katika muda wa kula mahamri mawili. Hilo joto lote limeingia kwenye vipande vya chuma vilivyofichwa ndani ya rimu. Diski kwenye traki zinaweza kupita nyuzi 500. Mjini hufiki huko. Mjini unakanyaga, unapumzika, unakanyaga. Ndiyo maana gari inayosimama vizuri kabisa kutoka Malindi hadi Watamu inaweza kukuacha raundi ya nne.

Na hapa ndipo watu wengi tunapotea, mimi wa kwanza. Tunafikiri breki ikishindwa ni kwa sababu haina nguvu, kwa hivyo tunanunua nguvu. Lakini breki kwenye traki hushindwa kwa njia mbili tofauti, na mguu wako unazijua hata kama kichwa hakijui. Ya kwanza: pedali ni ngumu, iko juu, unakanyaga mpaka paja linauma, na gari haitaki kusimama. Hizo ni pedi. Zimepita joto lake, zimeanza kuteleza badala ya kushika. Ya pili: pedali inakuwa laini na inashuka hadi chini. Hayo ni mafuta. Yamechemka. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanika kama hewa kwenye puto, kwa hivyo mguu wako unabana mvuke badala ya kubana pistoni. Ukipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedali inarudi juu, na wewe unasema imepona.

Hakuna kati ya hizo mbili inayotibiwa kwa pistoni nne peke yake. Sisi tulikuwa na pistoni nne.

Nirudi kwenye mafuta, kwa sababu hapa sisi watu wa Pwani tuna shida yetu wenyewe ambayo jamaa wa YouTube anayeongea kutoka jangwa la Arizona hana. Mafuta ya breki ya kawaida hunywa maji. Si mfano, ndivyo yalivyotengenezwa: yanavuta unyevu kutoka hewani, kupitia mipira, kupitia kifuniko, kupitia chupa iliyofunguliwa. Chupa ya DOT 3 mpya inatakiwa isichemke kabla ya nyuzi 205. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinashuka hadi 140. DOT 4 mpya ni 230, ikilowa ni 155. DOT 5.1 mpya ni 260, ikilowa 180. Hivyo ndivyo viwango vya chini vinavyotakiwa. Ya mbio yenyewe yakiwa mapya yanapita 300, ila nayo hayana subira, yanataka kubadilishwa mara kwa mara.

Soma tena. DOT 4 iliyolowa inachemka mapema kuliko DOT 3 mpya. Maana yake ile chupa ya bei rahisi ambayo imefunguliwa leo inakushinda wewe mwenye mafuta ya bei ghali ya miaka mitatu iliyopita. Na sisi tunaishi wapi? Malindi. Hapa chumvi ya mezani inashikana kwenye kichupa mpaka tunaweka punje za mchele ndani. Unafikiri mafuta yako ya breki yamejifungia wapi?

Halafu kuna balaa ya namba. DOT 5 si ndugu mkubwa wa DOT 4. DOT 5 ni silikoni, kitu kingine kabisa, haichanganywi na hizo nyingine, na gari yako yenye ABS haikutengenezewa. Ukitaka kupanda juu ya DOT 4 ni DOT 5.1. Hiyo nukta moja imeharibu mifumo ya watu. Na nikiwa hapo hapo: nimeona kwa macho yangu, si mara moja, gari ya abiria ikiongezwa maji ya sabuni kwenye kitangi cha breki, dereva anacheka, "itafika tu." Maji yanachemka kwa 100. Lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Kubadilisha mafuta yote kunahitaji chupa mbili, mpira mwembamba unaoona ndani, chupa tupu ya maji, mtu wa kukanyaga pedali na saa moja ya uvumilivu. DOT 4 nzuri mbili hazifiki bei ya kalipa moja ya mtumba, hata karibu hazifiki. Yule mzee alitupa chupa yake ya akiba. Tulitoa upepo pale pale, yeye amelala chini ya gari, mimi nakanyaga, "bonyeza, shikilia, achia." Yaliyotoka yalikuwa meusi na yana vijitakataka. Sikupiga picha. Ni mara ya kwanza mwaka huo nimefanya kitu na sikupiga picha.

Sasa pedi. Pedi ndiyo breki yenyewe, hiyo nyingine yote ni mashine ya kuisukuma. Pedi ya mtaani imetengenezwa ishike asubuhi ikiwa baridi, isipige kelele, isichafue rimu. Ikipata joto la traki inakata tamaa. Pedi kamili ya mbio ni kinyume chake: baridi haikujui, inataka ipate moto ndipo ishike. Kwa hivyo msiniletee ule ushujaa wa kusema nimefunga pedi za mbio nazitembelea mtaani. Utatoka nyumbani asubuhi, boda itakukatia mbele pale sokoni, utakanyaga, na pedi yako itakuwa bado inasubiri nyuzi 200. Kama gari ni moja, na kwa wengi wetu ni moja na hata hiyo ni ya kugawana, tafuta pedi ya kati inayofanya kazi baridi na inayovumilia joto, au beba seti mbili na ubadilishe ukifika. Kubadilisha pedi za mbele ni nusu saa.

Tazama ubavuni mwa pedi. Mara nyingi kuna herufi mbili mwishoni mwa namba, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inakwambia inavyoshika kwa joto la kawaida, ya pili inavyoshika ikiwa moto. E ni chini, F katikati, G juu. Herufi hizo hazikwambii pedi itavumilia traki hadi wapi, lakini pedi yenye herufi ya pili iliyoshuka chini ya ya kwanza imekwambia mapema kwamba itakukimbia. Na isiyo na maandishi yoyote, rudisha dukani. Za ndugu yangu zilikuwa na picha ya tai anayeruka. Herufi hazikuwepo.

Pedi mpya pia haiendi vitani siku ya kwanza. Raundi za mwanzo ni za kuizoesha na diski: kanyaga wastani, achia, ongeza kidogo, achia, usisimame kabisa, halafu raundi nzima bila kukanyaga sana ili ipoe. Ukitoka, usivute hendibreki na usikae umekanyaga pedali huku diski zinawaka. Tia gia, weka jiwe, toka nje.

Nasikia komenti tayari: "Wewe unaongea hivyo kwa sababu huna pesa ya Brembo." Kweli, sina. Lakini hebu tuongee ukubwa.

Gari za WRC za daraja la juu, Rally1, zile zinazokuja Naivasha kwa Safari Rally, ile iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, zikiwa kwenye njia ya vumbi hutumia diski za milimita 300. Subaru STI yenye Brembo za kiwandani ina diski za mbele za milimita 326. Kwa hivyo Kalle Rovanperä alishinda Safari mwaka 2022 kwa Toyota yenye diski ndogo kuliko za STI ya yule jamaa anayeegesha nje ya klabu akigeuza usukani ili kalipa zionekane. Najua, najua, vumbi si lami. Kwenye vumbi tairi haishiki kama kwenye lami, rimu ni ndogo ili tairi iwe nene, na gari hizo hizo kwenye lami huvaa diski za milimita 370. Ndiyo hoja yangu hiyo hiyo. Wale watu wanachagua diski kwa kuangalia joto na mshiko wa siku hiyo. Hawachagui kwa kuangalia nani anatazama.

Na mshiko ni wa tairi. Jaribio ni rahisi: ukikanyaga kwa nguvu zako zote na ABS ikaanza kupiga kwenye mguu wako, breki zako zimeshaishinda tairi. Ukiongeza pistoni, hutasimama mapema hata kwa shibiri. Kinachokosekana ni mpira mzuri chini. Kuna watu wamefunga kalipa za pesa ya ng'ombe wawili juu ya tairi za mtumba zilizokauka mpaka zimepasuka ubavu, na wanashangaa.

Hata breki ya diski yenyewe haikupata jina kwa sababu ya kusimamisha kwa nguvu mara moja. Mwaka 1953 Jaguar C-Type ilishinda saa 24 za Le Mans ikiwa na breki za diski za Dunlop, wapinzani wengi wakiwa bado na dramu. Dramu inajua kusimamisha gari. Shida yake ni kwamba ikipata moto inapanuka na kujitenga na viatu vyake, na joto halina pa kutokea. Zile Jaguar zilikuwa zinaweza kukanyaga kwa kuchelewa saa ya kwanza, na saa ya ishirini pia. Hiyo ndiyo maana ya breki ya traki: ya kumi ifanane na ya kwanza.

Sasa je, kalipa kubwa ni upuuzi? Hapana, na sitaki mtu aninukuu vibaya. Gari nzito, yenye nguvu nyingi, tairi za mbio, inayozunguka dakika 20 mfululizo, inahitaji chuma kingi cha kumeza joto, na diski kubwa nene inameza zaidi kabla haijazidiwa. Kama umeshabadilisha mafuta, umeshapata pedi sahihi, umesafisha na kupaka grisi zile pini za kalipa (na sisi wa chumvi na vumbi pini zinaganda, pedi inalika upande mmoja, halafu tunalaumu kiwanda), tairi ni nzuri, umepeleka bomba la hewa kutoka bampa hadi katikati ya diski, na bado zinachemka, basi nenda kanunue kubwa. Umefika. Umelipia elimu yako.

Lakini kwa Impreza ya 1500? Brembo za STI zinataka rimu kuanzia inchi 17, kwa hivyo unanunua rimu na tairi pia. STI za kuanzia mwaka 2005 zina nati za 5x114.3, Impreza yako ni 5x100, kwa hivyo diski si zozote tu utakazokuta zimening'inia Kirinyaga Road. Pistoni zikiwa nyingi na kubwa zinataka mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga, na masta silinda yako ni ile ile, kwa hivyo pedali inakuwa ndefu. Ukipandisha mbele na nyuma ukaacha ilivyo, kazi yote inaegemea mbele, na unaweza kusimama vibaya kuliko ulivyoanza. Zile diski za matundu nazo, kwenye joto la traki matundu ndipo nyufa zinapoanzia. Za ndugu yangu tulizikagua tuliporudi. Nyufa ndogo ndogo kama nywele, kutoka tundu hadi tundu.

Vile vifuniko vya plastiki vyekundu vya kubandika juu ya kalipa ya kawaida, sitasema kitu. Plastiki. Juu ya kitu kinachotakiwa kupoa.

Lakini kuna jambo moja nalisema kwa hasira kamili. Jilore hakuna traki, Malindi hakuna traki, kwa hivyo "tunajaribu breki" ule mnyoosho wa barabara ya Kilifi kando ya msitu wa Arabuko Sokoke. Nimeziona hizo video zenu. Kasi mia na kitu, halafu kukanyaga ghafla, na pembeni kuna mama ana kuni kichwani. Kuna mahali huku nyuma wanafunzi wanavuka. Breki ambayo hujui ina mafuta ya mwaka gani, unaijaribia mbele ya mtoto wa mtu? Traki angalau kuna nyasi na ukuta wa matairi. Nawaambia kama mtu aliyezihitaji nyasi zile.

Na nyinyi wenzangu wenye kamera. Tunajua tunachofanya. Chupa ya mafuta haina rangi. Pedi ikishafungwa haionekani. Hakuna mtu atakayekupa laiki milioni kwa kupaka grisi pini. Kalipa inaonekana kupitia rimu, kwa hivyo tunaonyesha kalipa, na kijana mwenye pikipiki moja anauza pikipiki. Mimi nimepata pesa kutokana na ile video. Si nyingi, lakini nimepata. Sikuwahi kuwaambia kwamba gari mliyoiona chini ya mwembe ilikwenda nyasini miezi miwili baadaye, na rekodi ninayo kwenye simu mpaka leo.

Ya kalipa naifuta leo usiku. Ya nyasi naiposti kesho, bila muziki, pamoja na ile sehemu ninayomwita mama yangu.

Na wewe ndugu yangu wa Kilifi, jibu lako la inboksi ni hili. Usitume hizo pesa. Mpigie aliyenunua pikipiki, umuulize kama bado anayo, umuombe akurudishie. Halafu Jumamosi panda matatu ya Malindi, au njoo na hiyo Impreza polepole. Nina chupa mbili za DOT 4 ambazo hazijafunguliwa na mpira wa kutolea upepo. Spana ya kumi lete wewe, yangu ndugu yangu ameichukua.